Dada wa Iringa Hakuzaliwa Getini

"Ni tamthilia tu." Maneno hayo nimeyasikia saluni Mwanjelwa, nimeyasikia kwenye daladala ya Uyole, nimeyasikia kwenye kikao cha harusi Mafinga, na nimeyasikia sebuleni kwangu hapa Mbeya. Anayeyasema huwa anayasema kwa upole, kama anavyotulizwa mtoto aliyeota ndoto mbaya. Maana yake ni kwamba kinachoonekana kwenye runinga kimetungwa, waigizaji wamelipwa, kesho watatunga kingine, kwa hiyo usijiumize moyo. Na mimi nilikuwa nayasema. Nimeacha tangu Julai iliyopita.

Anayeijua Mbeya ya Julai anajua baridi yake. Saa tatu usiku tulikuwa tumejikusanya sebuleni, mablanketi magotini: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili, shemeji yangu aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam, na binti anayenisaidia kazi. Binti huyo ni wa Kilolo, Iringa, ana miaka 19. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, ungo mapajani, anachambua maharage ya kesho. Kwenye kochi nafasi ilikuwepo.

Tamthilia yenyewe sitaitaja jina, kwa sababu ninayoyasema hayaihusu hiyo peke yake. Geti la jumba la kifahari lilifunguliwa, akaingia msichana mwenye mfuko wa rambo, gauni linaburuza chini, ndala mguuni. Alipowashiwa taa akashtuka na kuuliza, kwa lafudhi iliyovutwa makusudi, moto ule umewashwa na nani. Mama mwenye nyumba akamuuliza kwao ni wapi. Akajibu: "Iringa."

Shemeji alicheka mpaka chai ikampalia. Mwanangu wa darasa la tatu akageuka kumtazama dada. Kisha mume wangu akageuka. Kisha mimi. Hatukuambiana, wala hakuna aliyekuwa na nia mbaya, lakini vichwa vyote vya sebule ile viligeukia kigoda. Binti akacheka pamoja nasi. Mikono yake iliendelea kwenye ungo, ila kutoka pale nilipokaa nilimwona anatupa maharage mazima pamoja na mawe.

Wiki zilizofuata yule wa kwenye runinga aliiba mkufu, akamtilia dawa bosi wake kwenye chakula, akalala na baba mwenye nyumba. Wa kwetu akaacha kuja sebuleni. Akimaliza vyombo anasema ana usingizi. Siku moja alikuja mgeni, akamuuliza binti kwao wapi. Nilikuwa chumbani, nikamsikia anajibu: "Morogoro."

Nilipomsimulia shemeji kwa simu, alinijibu kwa maneno yale yale. Ni tamthilia tu, wifi.

Kabla ya kubishana naye, nimtendee haki. Wanaosema hivyo si watu wabaya, na hoja zao si za kipuuzi. Wanasema hadithi yoyote inahitaji mtu mbaya, na mtu mbaya lazima awe na kwao. Wanasema mtu mzima anajua kutofautisha maigizo na maisha. Wanasema ni kweli mabinti wengi wa kazi wanatoka Iringa, kwa hiyo mtunzi hajazua. Wanasema tasnia yetu bado ni changa, haina fedha za kutosha, tuipe muda. Na mwisho wanasema rimoti iko mkononi mwako, usichokipenda kizime. Zaidi ya hayo, wanawaogopa watu wa upande wa pili, wale wanaodai kila tamthilia inavunja ndoa na ingefaa kupigwa marufuku. Hapo niko pamoja nao. Sitaki kitu chochote kipigwe marufuku. Ninapenda tamthilia, nimezitazama tangu enzi za kundi la Kaole kwenye ITV, na ninaandika haya kwa sababu nazipenda.

Lakini hoja zao, moja baada ya nyingine, hazisimami.

1. Burudani tu haigharimiwi hivi

Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki. Wa rika langu wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu, aliyechoka naye akaamua kujitegemea kwa biashara yake. Sisi wa barabara kuu ya Tunduma hatukuhitaji kuelezwa Mkwaju ni nani. Malori ya kina Mkwaju yalikuwa yanalala Ilula, Makambako na Mbalizi, tukiyaona kwa macho.

Mchezo ule ulitungwa kwa makusudi kuhimiza uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Watafiti wakafanya jambo linalofanywa kwa nadra: kwa miaka miwili ya mwanzo, kituo cha Dodoma hakikuurusha, ili kuwe na eneo la kulinganishia. Walipolinganisha waliona tofauti. Palipokuwa na mchezo, watu walijiunga zaidi na uzazi wa mpango, na wengi zaidi walisema wamepunguza idadi ya wapenzi. Haya yamepimwa Tanzania, kwa Kiswahili, kwa wasikilizaji wa vijijini na mijini. Mchezo wa sauti tupu, usio hata na picha, uliwabadilisha watu wanavyolala na wanavyozaa.

Baadaye ikaja Siri ya Mtungi kwenye runinga, iliyopigwa Bagamoyo na Dar es Salaam kwa fedha za Wamarekani, kwa shabaha ya aina hiyo hiyo ya afya. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa sauti za Kiswahili. Machi 2013 Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam, katika hotuba ya mahusiano ya mataifa, aliitaja tamthilia hiyo: kwamba Watanzania wameyajua kupitia kwake maisha ya kawaida ya familia za Kichina, raha zake na karaha zake. Rais wa taifa kubwa kama lile aliona mama mkwe wa kwenye runinga anastahili nafasi katika hotuba yake.

Na tamthilia ya Sultan, iliyozikusanya nyumba zetu kwenye Azam kwa Kiswahili fasaha, ilikuwa na kesi kwao. Novemba 2012 Erdoğan, wakati huo waziri mkuu wa Uturuki, aliishambulia hadharani, akisema Sultani Suleiman waliyemjua wao aliishi miaka juu ya farasi vitani, si kwenye nyumba ya wanawake inayoonyeshwa pale. Mimi sikubaliani na kiongozi wa serikali kuwatisha watunzi. Lakini angalia: kwa Waturuki lilikuwa jambo zito la kugombana mpaka ngazi ya waziri mkuu. Lilipovuka bahari na kufika kwetu, likawa ni tamthilia tu.

Haiwezekani kitu kiwe na nguvu ya kufundisha kondomu, kisha kikose nguvu ya kufundisha dharau. Mlango ni ule ule. Ukikubali kwamba Mkwaju aliwafikia watu, huyu dada wa getini naye anawafikia.

2. "Kwani uongo? Si wanatoka Iringa?"

Hii ndiyo hoja yao nzito, nami nitakaa nayo muda mrefu.

Ndiyo, wanatoka. Wanatoka Kilolo, Mufindi, Ludewa, Makete. Wanatoka pia Singida, Dodoma, Tanga na Mbeya hii hii, lakini jina lililobandikwa ni la Iringa. Sikatai. Ninachouliza ni kwa nini hadithi yao huwa inaanzia getini. Mtunzi anamfungulia binti mlango wa chuma, anampa mfuko wa rambo na lafudhi, basi, kazi ya kumtambulisha imekwisha. Kana kwamba alizaliwa pale getini akiwa na miaka 16.

Babu yangu alitoka Iringa kwenda Tanga kukata mkonge. Aliitwa manamba, kwa sababu kila mtu alipewa namba. Nyanda hizi za Juu Kusini zilifanywa na wakoloni kuwa ghala la watu: mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU, nayo ikawasomba watu wa Iringa na Njombe kuwapeleka pwani, huku Wanyakyusa wakienda migodini kusini. Barabara anayopita binti leo kwa basi ilikanyagwa na babu zake kabla yake. Walikuwa wanakwenda wanaume wenye panga la mkonge. Sasa wanakwenda wasichana wenye mfuko wa rambo. Mkoa ni ule ule, na anayenufaika yuko kule kule.

Kisha ukaja ugonjwa. Utafiti wa kitaifa wa 2007–08 ulikuta maambukizi ya VVU Iringa, ikiwa bado pamoja na Njombe, ni asilimia 15.7 ya watu wazima, wakati taifa zima lilikuwa asilimia 5.7. Nani asiyejua maana ya namba hiyo katika nyumba ya udongo ya Kilolo? Mazishi mawili ndani ya mwaka. Bibi amebaki na wajukuu watano. Shamba lipo, wa kulima hayupo. Mkubwa wa wajukuu ni msichana, ada imemshinda bibi, na mama mmoja wa mjini amepita kanisani Jumapili anatafuta "binti wa kukaa na mtoto". Wengi walioondoka miaka ile waliondokea hapo. Binti yangu wa kazi alilelewa na bibi. Hili nililijua baada ya mwaka mzima wa kuishi naye, nalo limeniumiza kuliko kile kicheko.

Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya ukweli, nayo imekatwa. Anayeonyesha nusu ya pili peke yake hawezi kujitetea kwamba ameonyesha hali halisi.

Hata hiyo nusu ya pili haijaonyeshwa sawasawa. Mtazame vizuri huyo dada wa tamthilia. Kipande cha kwanza hajui swichi, hajui bomba la kuogea, anaogopa friji. Kipande cha ishirini ameghushi hati ya nyumba, amewagombanisha ndugu watatu, na anaendesha akaunti ya benki ya mtu mwingine. Mtu hawezi kuwa zuzu na gwiji wa utapeli ndani ya mwezi mmoja. Mtunzi anamtaka zuzu pale anapotaka tucheke, na anamtaka tapeli pale anapotaka tuchukie. Hakuna mahali anapomtaka awe mtu.

Na hilo la swichi. Mto Ruaha Mkuu, unaotoka kwenye nyanda hizi, ndio unaojaza bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, lenye mitambo ya megawati 80, kisha maji hayo hayo yanashuka Kidatu kuzungusha mitambo ya megawati 204. Mto Kihansi unaporomoka kutoka milima ya Udzungwa, upande wa Kilolo na Mufindi, na kutoa megawati 180. Kwa miaka mingi taa za Dar es Salaam zimewaka kwa maji ya kwao yule binti. Kama kuna kijiji cha kwao kilichochelewa kupata nguzo, aibu hiyo ni ya taifa zima. Asicheke aliyewashiwa.

Tena kuna yule baba mwenye nyumba. Katika hadithi hizi baba "amepitiwa". Ametiliwa kitu kwenye chai, amerogwa, shetani amemzidi nguvu. Mwisho wa msimu anapiga magoti, mkewe analia, kanisani wanapigiwa makofi. Binti anarudishwa kijijini au anapata wazimu barabarani. Mwanamume wa miaka 45 mwenye gari mbili anakuwa mwathirika, na msichana wa miaka 17 anayelala kwenye godoro la stoo anakuwa mwindaji. Waulize wauguzi, waulize maofisa ustawi wa jamii, waulize polisi wa madawati ya jinsia, nani huwa anamwingilia nani usiku katika nyumba hizo. Hapa mtunzi hajakata nusu ya ukweli. Ameugeuza chini juu.

3. "Watu wazima wanatofautisha"

Wangekuwa wanatofautisha, vichwa vyetu visingegeuka usiku ule. Mimi nina digrii. Mume wangu ni mwalimu. Tuligeuka.

Na watoto? Wiki hiyo hiyo mwanangu alimwambia dada yake wa kazi, bila hasira, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa: "Dada, wewe usiguse mkufu wa mama." Ana miaka tisa. Hakufundishwa na mtu mwingine yeyote.

4. "Tasnia bado changa, na huko ni mbali"

ITV ilianza 1994. Tamthilia ya Mambo Hayo ilikuwa ikitazamwa muongo huo huo. Kaole walifuata mwanzoni mwa miaka ya 2000, na humo wakatoka waigizaji kina Kanumba, Ray na Johari. Mtoto aliyezaliwa wakati runinga za Bara zinaanza sasa ana watoto wake. Kumekuwa na tamthilia za Huba na Jua Kali zilizokwenda msimu baada ya msimu kwenye Maisha Magic Bongo, kuna Sinema Zetu ya Azam yenye hadithi mpya kila wiki, kuna kamera nzuri, kuna waandishi wanaolipwa. Tasnia yenye uwezo huo si changa tena. Imeshakuwa, ila imechagua kukaa sehemu moja.

Sehemu hiyo naifahamu kama chumba changu kwa jinsi nilivyoonyeshwa. Ni jumba lenye geti, ngazi za kuzunguka, bwawa la kuogelea, na kampuni ambayo katika vipande mia hatuambiwi inauza nini. Sikumbuki lini nilimwona mhusika mkuu amevaa sweta. Mamilioni ya Watanzania wanaamka kwenye ukungu, wanavaa masweta mawili, wanakwenda shambani au sokoni, na hawamo.

Wanasema kupiga picha huku ni gharama. Iringa iko kama kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, Mbeya zaidi ya 800, barabara ni ya lami, na ndege zinatua Songwe tangu 2012. Tatizo ni lingine: hawaamini kwamba huku kuna hadithi. Basi nitawatajia chache bila kudai malipo. Ndugu watatu wa Mafinga wanarithi shamba la misonobari lililobakiza miaka miwili kuvunwa. Mmoja anataka kuuza sasa, mmoja anataka kusubiri, wa tatu ni wa kike na hakutajwa kwenye kikao cha ukoo. Familia ya Rungwe imeng'oa kahawa ya babu ikapanda parachichi kwa mkopo. Mchimbaji wa Chunya amepata dhahabu na hajui amwambie nani. Mjane wa mfanyakazi wa TAZARA anafuatilia mafao, ofisi baada ya ofisi. Zote ni ndoa, ardhi, fedha na usaliti, vitu vile vile tamthilia inavyovitaka.

Na kama wanataka majumba ya watawala, kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini iko Kalenga, ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Watoto wangu wanamjua Hurrem wa tamthilia ya Sultan, wanajua ni sumu ipi ilitiwa kwenye kikombe kipi. Hawajui kwamba Agosti 1891 huko Lugalo Wahehe walikiangamiza kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Zelewski, wala kwamba fuvu la Mkwawa lilirudi kutoka Ujerumani mwaka 1954. Profesa Mulokozi alishaandika tamthilia ya jukwaani ya Mukwava wa Uhehe zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Kitabu kipo. Runinga ikihitaji mtu wa Iringa inafungua geti na kumwita dada wa kazi.

5. "Rimoti unayo"

Nyumba nyingi za huku zina runinga moja, na rimoti ina mwenyewe. Kwetu huanzia kwa mume wangu kwenye taarifa ya habari, ikaja kwangu, ikaishia kwa watoto. Haijawahi kufika kwenye kigoda. Yule anayeumizwa na hadithi ndiye pekee asiye na uwezo wa kuizima. Anachoweza ni kuondoka sebuleni, akalale na baridi yake, na ndivyo alivyofanya.

Wanaoniambia nizime hawajaona gharama nyingine. Amri ya Mshahara ya 2022 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida kuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Ninazijua nyumba ambazo kifurushi cha king'amuzi hakilali siku moja bila kulipiwa, lakini mshahara wa binti unasubiri "mwezi ukae vizuri". Ninazijua nyumba ambazo binti hana mkataba, hana siku ya kupumzika, na simu yake imefungiwa kabatini "asije akaharibika". Wenye nyumba hizo si makatili. Wameshazoeshwa, usiku baada ya usiku, kumwona binti kama hatari iliyoingia ndani ambayo inabidi ichungwe. Ukishaamini kwamba aliyeko jikoni kwako ana dawa ya kukutilia kwenye chai, utamlipaje kwa moyo mweupe? Utamkalisha wapi?

Na huku kwetu gharama hiyo ina uchungu wa pekee, kwa sababu tunaotazama ni sisi wenyewe. Shemeji yangu ni wa Dar es Salaam, lakini mama yake mzazi ni wa Njombe. Mimi baba yangu ni Mhehe wa Mufindi. Nikifika kwetu naamkiwa "kamwene" na naitikia "kamwene". Usiku ule nilicheka. Kwa sekunde tatu au nne nilimcheka binti kwa kuwa wa Iringa, mimi niliye wa Iringa, kwa sababu mimi nilikuwa kwenye kochi na yeye alikuwa kwenye kigoda. Tamthilia ilinipa nafasi ya kujitenga na kwetu, nikaipokea.

Nimemwomba radhi. Nilifanya hivyo mbele ya watoto na mume wangu, na haikuwa rahisi kwangu wala kwake, alitazama chini akasema, "Haina shida, mama." Najua kwamba shida ilikuwepo. Kigoda kimerudi jikoni, na jioni anakaa kwenye kochi. Maharage tunachambua wote.

Kwenu mnaoandika tamthilia hizi: sisemi mmwondoe dada wa Iringa. Mbakisheni, hata akiwa mbaya, maana kwetu pia wabaya wapo. Ila mumwandike kuanzia kwao. Mabasi ya Iringa na Mbeya yanaondoka Stendi ya Magufuli kila alfajiri. Pandeni moja, mteremke Ilula kwenye nyanya na vitunguu, mwende Kilolo, mkae na bibi mmoja aliyelea wajukuu watano, mumwulize yule mkubwa alikwenda wapi na nani alikuja kumchukua. Kisha rudini mkaandike.

Na wewe msomaji mwenye binti sebuleni, usiku wa leo neno Iringa likitajwa kwenye runinga, usigeuke kumtazama.